Kimya cha Manowari: Mwongozo kwa Jamaa wa Mwanamaji

Watu wa mwambao wa Afrika ya Mashariki wana ujuzi wa kale wa kumngoja msafiri wa bahari. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakarudi kwao na kusi, na ahali wa baharia, awe mwenyeji wa Sur, wa Lamu au wa Unguja, walikaa miezi mingi bila waraka wala salamu. Lakini walikuwa na kalenda isiyosema uongo, kwani upepo ulipogeuka walijua ya kuwa safari nayo imegeuka. Jamaa wa mwanamaji wa zama hizi hana kalenda hiyo. Tarehe ya kurudi kwa manowari yaweza kutajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena, ikaahirishwa mara ya pili. Mahali ilipo ni siri. Na simu iliyopokelewa jana leo haiiti, wala hakuna wa kueleza kwa nini.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya jamaa hao, hususa wasemao Kiswahili ambao mtoto, ndugu, mume au mke wao anatumika katika Jeshi la Majini la Marekani. Vijana wa Kenya, Tanzania na Kongo, ambao wengine walifika nchi ile kwa bahati nasibu ya viza, wengine kwa masomo, na wengine kutoka kambi za wakimbizi kama Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma, huingia jeshini humo kwa kuwa sheria humkubali mkazi wa kudumu hata kabla hajawa raia. Hivyo hutokea ya kuwa mke yuko Norfolk au San Diego, mama yuko Mombasa au Bukavu, na mwanamaji mwenyewe yuko katika Bahari ya Shamu, na wote watatu wanatamani kuzungumza usiku ule ule. Neno moja nataka msomaji alishike tangu mwanzo hata mwisho: mawasiliano na mtu aliye baharini hutengenezwa nchi kavu, kabla ya nanga kung'olewa, na kimya kitakachokuja baadaye ni amri ya kazi, si dalili ya kusahauliwa.

Tabia ya safari yenyewe

Safari ya kijeshi ya manowari ya Marekani aghalabu huchukua miezi sita hata minane, walakini hesabu hiyo ni ya makadirio tu. Manowari ya kubeba ndege iitwayo Dwight D. Eisenhower iliondoka Norfolk mwezi wa Oktoba 2023, ikaongezewa muda zaidi ya mara moja kwa sababu ya mapigano katika Bahari ya Shamu, ikarudi Julai 2024. Na mwenzake, Abraham Lincoln, ilirejea Januari 2020 baada ya siku 295. Kwa hiyo anayetia alama siku katika kalenda ya ukutani na azitie kwa kalamu ya risasi, ili aweze kufuta.

Ndani ya manowari kubwa namna hiyo huishi watu wapatao elfu tano, wake kwa waume, wakilala katika vitanda vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, wakifanya kazi kwa zamu ndefu za mchana na usiku, na wakigawana kiasi kidogo cha mawasiliano ya setelaiti ambayo kazi ya meli ina haki nayo kwanza. Mwanamaji asipojibu kwa siku mbili tatu, huenda sababu ni usingizi tu. Pia iko amri ambayo wanamaji wenyewe huiita River City, ambayo kwayo nahodha hufunga barua pepe, simu na intaneti kwa watu wote wa melini au kwa baadhi yao. Ama kwa kuwa meli inaingia mahali pa hatari, ama kwa kuwa limetokea jambo, na jeshi halitaki habari yake ifike nyumbani kwa minong'ono kabla haijawafikia wanaostahili kuijua kwanza. Amri hiyo haitangazwi kwa jamaa, nayo hudumu saa chache au siku nyingi.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, na msemo huo umewakosesha usingizi akina mama wengi. Katika jambo hili, lakini, mshindo hauji kwa njia ya kimya. Akiumia vibaya mwanamaji, au akifikwa na mauti, jeshi lina utaratibu wa kumpelekea habari yule aliyeandikwa katika karatasi zake kuwa jamaa wa karibu, na habari ya mauti huletwa mlangoni na maofisa, ana kwa ana. Basi barua isiyojibiwa haina maana nyingine ila kwamba haijajibiwa.

Ya kutengeneza kabla ya safari

Kwanza ni hati. Aliye ghaibu hawezi kutia sahihi mkataba wa nyumba, kuuza gari wala kusimama mbele ya karani wa mahakama, kwa hiyo mwanamaji hupewa nafasi, katika ofisi ya sheria ya kambi na bila ada, ya kumwandikia mtu wake hati ya uwakala. Ni bora hati hiyo iwe ya jambo maalumu na yenye tarehe ya mwisho, kwani uwakala wa jumla humruhusu aliyepewa kufanya karibu kila atakalo kwa jina la mwingine, na si kila apendwaye ni mwaminifu wa fedha. Wasia nao uandikwe. Na Mwislamu anayetaka mirathi yake igawanywe kwa sheria ya dini amweleze mwanasheria hivyo waziwazi, maana sheria za majimbo ya Marekani zenyewe hazifuati mafungu ya Kurani.

Pili ni majina. Kila mwanamaji huandika karatasi ya dharura, ambayo ndiyo humwambia ofisa nani apelekewe habari na wapi. Hapa desturi yetu na desturi ya jeshi hutengana. Kwetu mama mdogo ni mama, na baba mkubwa ni baba. Katika daftari la jeshi hao ni jamaa wa mbali, wala msiba wao hauhesabiwi sawa na msiba wa mzazi. Ikiwa mwanamaji alilelewa na shangazi au na mjomba badala ya wazazi, na alitangaze jambo hilo mapema kwa makarani wake, kwa kuwa jeshi humtambua mtu aliyesimama mahali pa mzazi, ila hutaka lithibitishwe. Na siku ya kilio si siku ya kuanza kukusanya ushahidi.

Tatu, kila nyumba, ya Marekani na ya nyumbani kwetu, iwe na karatasi moja iliyohifadhiwa mahali panapojulikana, nayo iandikwe jina kamili la mwanamaji kama lilivyo katika daftari la jeshi, ambalo mara nyingi silo aitwalo na bibi yake, cheo chake, tarehe ya kuzaliwa, jina la meli na idara yake, anwani ya posta, na njia ya kumpata ombudsman wa meli. Huyu ombudsman ni mtu wa kujitolea, aghalabu mke au mume wa mmoja wa wanamaji, ambaye nahodha humteua awe kiungo baina ya meli na nyumba. Mpango huo ulianzishwa na Amiri Elmo Zumwalt mwezi wa Septemba 1970, alipotaka malalamiko ya wake za mabaharia yafike kwa wakubwa bila kupotea njiani. Mwambie mwanamaji atie jina lako katika orodha ya watakaopelekewa habari, la sivyo ombudsman hana ruhusa ya kusema nawe, hata ukiwa ndiwe uliyemzaa mwanamaji huyo. Na ukisha kuwa katika orodha, usimshurutishe kufichua mahali meli ilipo.

Nne ni fedha. Mshahara huingia benki iwe meli iko bandarini au katikati ya bahari, na taabu haiko katika kuupata bali katika kuutuma. Programu nyingi za benki na za kutuma fedha hazimfungulii mtu mpaka zimpelekee tarakimu za siri kwa simu yake, na simu iliyo baharini, mbali na minara yote, haizipokei. Mwanamaji anayelipa karo ya mdogo wake huko Kisumu na dawa za baba huko Tanga asitumaini kwamba ataendelea kutuma kwa mkono wake mwenyewe kila mwisho wa mwezi. Na aiagize benki itenge fungu maalumu la mshahara liende kwenye akaunti ya mtu mmoja aliye nchi kavu, ndipo mtu huyo atume kwa M-Pesa au kwa njia yoyote iliyozoeleka, kwa tarehe zilizokubaliwa na kwa hesabu iliyoandikwa. Shida ya ghafula ikizidi uwezo wa nyumba, mke au mume aliye Marekani anaweza kuiendea Navy-Marine Corps Relief Society, chama cha msaada kilichoundwa mwaka 1904, ambacho huwakopesha wanamaji na ahali zao bila riba.

Tano, nalo lina uzito kuliko yote, ni kukubaliana nani apigiwe simu kwanza. Meli ikitia nanga bandarini, mwanamaji huenda akawa na saa chache za kushuka, na katika saa hizo anatakiwa ale chakula kisicho cha melini, anunue sabuni, anyooshe miguu na azungumze na watu kumi. Mke huona haki ni yake, mama naye huona ni yake, na nyumba si haba zimeingia uhasama kwa ajili ya simu ya dakika saba. Shauri langu ni kwamba jambo hili lisiachwe kwa moyo wa mwanamaji siku ile, bali lipangwe naye angali nyumbani, mbele ya wote wawili: bandari ya kwanza mke apigiwe, na siku ile ile ampigie mama mkwe, kwa sauti yake na si kwa maandishi, ampe salamu zote, bandari ya pili mama apigiwe, naye afanye vivyo hivyo kwa mkamwana. Utaratibu huu una faida mbili, kwani kila mmoja hupata zamu, na wanawake hao wawili hulazimika kuzungumza katika miezi ambayo wangeweza kununiana.

Na saa zitajwe kwa namna moja. Mombasa imeitangulia Norfolk kwa saa nane wakati wa baridi ya huko na kwa saa saba wakati wa joto, ilhali meli hubadili saa yake kadiri inavyokwenda mashariki au magharibi. Zaidi ya hayo, mwanamaji husoma saa ya kijeshi, mkewe aliyekaa sana Marekani husoma saa ya Kizungu, na mama husoma saa ya Kiswahili, hata ahadi ya saa nane ikawa kwa mmoja asubuhi na kwa mwingine mchana. Chagueni saa ya mji mmoja, mwitumie hiyo kwa kila ahadi.

Barua pepe na barua za karatasi

Barua pepe ndiyo njia kuu. Katika miaka hii ya karibuni baadhi ya manowari zimeanza kuwekewa intaneti ya setelaiti yenye kasi, hata mwanamaji aweza kuonana na watoto wake kwa kioo cha simu. Lakini mwenye kuifungua na kuifunga ni nahodha, na nyumba iliyozoea kuonana kila usiku hutaabika maradufu siku mlango unapofungwa. Kwa sababu hiyo hata wenye neema hiyo wasiache kuandika.

Kila barua ipewe namba na tarehe. Baada ya siku za River City barua hushuka kwa wingi mara moja na bila mpango, na asomaye kwamba mtoto amepona kabla ya kusoma kwamba aliugua huingiwa na fadhaa isiyo na maana. Namba humwonyesha aanze wapi, na humwonyesha pia kama kuna iliyopotea. Picha zipunguzwe ukubwa, au ziachwe mpaka meli ifike bandarini. Na ukiulizwa swali, lijibu kabla ya kuuliza lako.

Wengi hukwama wasijue cha kuandika, wakaishia katika salamu na dua. Salamu na dua ni njema, lakini mtu aliye katika chuma miezi saba ana njaa ya mambo madogo: kwamba mwembe wa nyuma umezaa kabla ya wakati, kwamba jirani ameoa tena, kwamba fundi aliahidi kuja Jumatatu na leo ni Ijumaa. Mambo hayo humrudisha katika nyumba yake bila kumdai chochote. Kudai nako kuna mahali pake. Jamaa wa nyumbani wajiwekee sharti kwamba haja za fedha zipelekwe kwa yule mtu mmoja wa nchi kavu, na barua za kwenda baharini ziwe huru nazo. Kwani mwanamaji akiona kila jina la ndugu linafuatiwa na hesabu ya ada ya shule, ataanza kuogopa kufungua barua, na hapo kimya kitakuwa cha hiari yake.

Ugomvi wa mke na mume usiendeshwe kwa barua. Neno la hasira lililoandikwa usiku litafika wakati hasira imekwisha, na jibu lake litakuja wakati aliyeandika amesahau alichosema. Habari mbaya zisizo za dharura zisifichwe zote, maana mtu akirudi na kukuta amefichwa mengi hatawaamini tena hata kwa madogo. Ila ziende pamoja na hatua iliyochukuliwa. Paa limevuja, fundi amelitengeneza, gharama ni kadha: hiyo ni habari anayoweza kulala nayo. Paa linavuja na hatujui la kufanya: hiyo ni mzigo kwa mtu asiyeweza hata kushika ngazi.

Aliye katika nyambizi ana hali ya peke yake. Nyambizi hujificha kwa kunyamaza, kwa hiyo aghalabu hupokea maneno wala haitoi, na jamaa sharti ajizoeze kuandika kwa mtu asiyeweza kujibu. Katika jeshi la majini la Uingereza, ambalo huwapokea pia raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, wale waendao na nyambizi za makombora ya nyuklia huulizwa kabla ya safari kama wangependa kuambiwa habari ya msiba wakiwa chini ya maji au wasubiri mpaka warudi. Swali hilo lafaa kuulizwa katika kila nyumba ya mwanamaji, hata kama jeshi lake halimwulizi.

Vifurushi

Anwani ya meli haina mji wala nchi. Huandikwa jina la mwanamaji, jina la meli, kisha herufi za FPO zikifuatiwa na AE kwa upande wa Atlantiki, Ulaya na Mashariki ya Kati, au AP kwa upande wa Pasifiki, na tarakimu za posta za meli ile. Ukiongeza jina la bandari au la nchi kwa nia ya kusaidia, kifurushi kitaingia katika posta ya kawaida ya nchi hiyo, na huenda kisionekane tena. Ada ni ile ile ya kutuma ndani ya Marekani, hata meli ikiwa Ghuba ya Uajemi. Ila karatasi ya forodha sharti ijazwe. Jamaa aliye Afrika ya Mashariki atapata wepesi zaidi akimpelekea vitu ndugu aliye Marekani, kwa mkono wa msafiri, naye avitume kutoka huko.

Kifurushi hukaa njiani majuma kadhaa, na kikimkosa mwanamaji katika bandari moja hufuata mpaka nyingine, tena katika joto. Basi visitiwe vitu vya kuoza, vya kuyeyuka wala vya kupasuka. Korosho, kashata zilizokauka vizuri, majani ya chai, iliki, pilipili ya unga na bizari huvumilia, na wapishi wa melini, ambao hupikia maelfu, hawana mkono wa kila mmoja. Halua ifungwe katika kopo, na kopo katika mfuko. Achari vivyo hivyo, la sivyo barua za wenziwe zote zitanuka embe. Pombe hairuhusiwi, wala makopo ya kupulizia, na kwa meli zilizo karibu na nchi za Kiislamu nyama ya nguruwe nayo huzuiwa. Anayetaka tende zifike kabla ya mwezi wa Ramadhani na azitume miezi miwili mbele, akikumbuka kwamba mwezi huo hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Na zawadi za Krismasi zisisubiri Desemba.

Siri

Jamaa wa mwanamaji ni mlinzi wa meli pasipo kujua. Tarehe ya kuondoka, jina la bandari ijayo, siku ya kurudi, habari kwamba chombo fulani kimeharibika: haya yasiandikwe Facebook, yasisemwe katika kundi la ukoo la WhatsApp lenye watu mia, wala yasitangazwe msikitini au kanisani hata kwa nia ya kuombewa dua. Dua huitikiwa bila kutaja latitudo. Picha yenye sare na jina la meli nayo ifikiriwe kabla ya kubandikwa.

Ugumu wa siri hii hauwaelemei jamaa peke yao. Mwaka 2023, katika manowari iitwayo Manchester, baadhi ya wasimamizi wa mabaharia walifunga kwa siri chombo cha kupokea intaneti ya Starlink wakaitumia wao kwa wao. Ulipogunduliwa mchezo huo, aliyeuongoza alihukumiwa katika mahakama ya jeshi akashushwa cheo. Jamaa asimshawishi mwanamaji wake kutafuta njia ya mkato ya kuzungumza, kwa kuwa ishara moja isiyo na ruhusa huweza kumwonyesha adui mahali meli nzima ilipo.

Siku ya msiba

Akifariki mzazi, au akiugua ugonjwa wa kutisha, au akizaliwa mtoto, usitegemee barua pepe, kwani yaweza kukaa siku nyingi, au ikamfikia mwanamaji peke yake usiku wa manane bila mtu wa kumshika mkono. Njia ya hakika ni Msalaba Mwekundu wa Marekani, ambao hupokea habari usiku na mchana kwa simu ya 1-877-272-7337, ukaithibitisha kwa daktari au hospitali, kisha ukaipeleka kwa wakubwa wa meli. Nahodha hapokei neno la mtu yeyote asiyemjua, lakini habari iliyothibitishwa huweza kuitendea kazi. Nambari hiyo ni ya ndani ya Marekani, basi iwe ni kazi ya ndugu aliye huko kuipiga. Yeye atoe yale yaliyo katika karatasi ya nyumba niliyoitaja, pamoja na jina la mgonjwa au marehemu, udugu wake na mwanamaji, jina la hospitali, na simu ya daktari au ya ofisi ya maziko. Aliye nyumbani amtumie habari hizo mara moja, na pakiwa na cheti cha hospitali, apige picha yake.

Ruhusa ya kurudi nyumbani ni hiari ya nahodha, si haki ya mwanamaji, nayo hutegemea kazi ya meli na kama ndege yaweza kumtoa. Hata akipewa, mazishi ya Kiislamu hayamngoji, kwani maiti huzikwa siku ile ile au ya pili yake, na safari ya kutoka baharini mpaka Malindi au Pemba yaweza kuchukua siku nne. Jamaa wasimlaumu kwa asichoweza. Wafanye lililo katika uwezo wao: wazike kwa wakati, wamwandikie nani alisimamia, nani alisalisha na kaburi liko upande gani, wamhifadhie kitu kimoja cha marehemu, na kama desturi ya ukoo yaruhusu, khitma kubwa au ibada ya ukumbusho iahirishwe mpaka arudi, ili naye apate siku ya kulia pamoja na wenziwe.

Watoto

Mtoto mdogo hafahamu miezi saba. Afahamu sauti na afahamu zamu ya kulala. Tangu mwaka 1989 chama kiitwacho United Through Reading kimekuwa kikiwasaidia wanajeshi kurekodiwa wakisoma vitabu, nyumba ikapelekewa rekodi hizo na mtoto akasomewa na mzazi aliye mbali. Hata pasipo chama, mwanamaji aweza kujirekodi kwa simu kabla ya kuondoka. Wala hana haja ya kusoma vya Kiingereza peke yake. Na aseme paukwa, anyamaze kidogo, amwachie mtoto nafasi ya kuitika pakawa, kisha amsimulie ya Sungura na Fisi au visa vya Abunuwasi. Kwa njia hiyo mtoto anayekulia Virginia hupata baba na lugha kwa pamoja. Rekodi zisifunguliwe zote juma la kwanza, bali moja moja kwa usiku uliowekwa.

Mtoto mkubwa asidanganywe kwa tarehe. Aambiwe baba au mama atarudi kazi ikiisha, na apewe kazi yake mwenyewe katika barua: achore, aandike alama za mtihani, amweleze mzazi ugomvi wa shuleni na amwombe rai. Rai hiyo ikija baada ya majuma mawili bado ina thamani, kwani mtoto huona kwamba mzazi angali na neno katika nyumba.

Marejeo

Siku ya kurudi ikitajwa, usinunue tikiti ya ndege isiyobadilika, wala usikodi ukumbi. Mama anayetaka kutoka nyumbani kwetu kwenda kumlaki mwanawe bandarini aanze shauri la viza mapema sana, na akubali tangu mwanzo kwamba huenda akafika kabla ya meli au baada yake.

Usiku wa kwanza ni wa mke, mume na watoto. Ndugu, hata waliosafiri mbali, wajizuie kujaa sebuleni siku hiyo, kwa kuwa mtu aliyeishi miezi mingi kati ya maelfu ana haja ya chumba kilichonyamaza. Naye mwanamaji atakuta nyumba ina mwendo mpya: mtoto analala saa nyingine, hesabu zinaandikwa katika daftari lingine, na mke ambaye alikuwa akimwuliza kila jambo sasa haulizi. Asiupindue mwendo huo siku ya pili. Na ashukuru, akae majuma machache akitazama, kisha waketi wagawane upya kazi na madaraka.

Iko methali isemayo asiyekuwapo na lake halipo, na aghalabu ni kweli. Kazi ya jamaa wa mwanamaji ni kuikanusha kwa vitendo: kumpa aliye ghaibu fungu katika shauri la nyumba, katika furaha na katika msiba, hata jibu lake likichelewa mwezi mzima. Hayo hayafanyiki kwa mapenzi matupu, kwani mapenzi yanaweza kuwa makubwa na barua ikapotea kwa kukosa tarakimu moja ya anwani. Basi kama meli haijaondoka, waketi leo mke, mama na mwanamaji, kwa simu ikibidi, waandike karatasi ya nyumba, wapange zamu za simu, wamteue mtu wa fedha, na kila mmoja atunze nakala yake.